Mwangwi katika Simu za Intaneti: Tuanze kwa Kupunguza Sauti



Tumekuja kuzungumzia kero ambayo wengi wenu mnaifahamu: mtu anazungumza kwa simu ya intaneti, na kabla hajamaliza sentensi, maneno yake mwenyewe yanamrudia sikioni. Kero hii ina gharama. Mfanyabiashara akiagiza mifuko sitini ya saruji na muuzaji akasikia sabini, hasara ni yake. Mgonjwa anayeelekezwa kipimo cha dawa kwa simu yumo katika hatari kubwa zaidi. Hata hivyo, wapo wanaokimbilia kununua kifaa kipya, ilhali tatizo lingeweza kuondolewa pasipo kutoa hata shilingi.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: mwangwi unaousikia wewe, kwa kawaida, hautokani na simu yako. Sauti yako imefika kwa mwenzako, ikatoka katika spika yake, ikaingia tena katika maikrofoni yake, kisha ikarudi kwako. Anayeudhika ni mmoja; kifaa cha kurekebishwa ni cha mwingine. Mwangwi hutokea pia pale simu ya kawaida ya waya inapounganishwa na adapta ya intaneti. Vifaa hivyo viwili visipowiana kiumeme, sehemu ya sauti inayoingia hurudishwa ilikotoka.

Katika simu za zamani mwangwi ulikuwapo, lakini kwa safari fupi ulirudi upesi kiasi kwamba sikio halikuutenganisha na sauti ya msemaji. Katika intaneti sauti hugawanywa katika pakiti, na pakiti hizo huchelewa njiani. Pendekezo G.114 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) linaeleza kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja ukiwa chini ya milisekunde 150, mazungumzo mengi hayaathiriki. Kadiri ucheleweshaji unavyozidi, ndivyo mwangwi unavyosikika waziwazi.

Ndiyo maana vifaa hivi huwa na kiondoa mwangwi. Hii ni programu inayofuatilia sauti iendayo kwenye spika, ikakadiria itakavyorudi, kisha ikaitoa katika sauti inayotumwa. Hesabu hiyo huharibika spika inapofunguliwa mno hata sauti ikakwaruza, kwa sababu kinachorudi hakifanani tena na kilichotoka. Kwa hiyo tunashauri utaratibu ufuatao:

1. Mwombeni mnayezungumza naye apunguze sauti ya spika, au ainue mkono wa simu badala ya kutumia spika. Mwangwi ukikoma, chanzo kimepatikana.

2. Katika mipangilio ya kifaa hicho, hakikisheni kiondoa mwangwi kimewashwa.

3. Andikeni viwango vya sauti vilivyopo kabla ya kubadili chochote, ili muweze kuvirudisha.

4. Punguzeni kwanza sauti ya kusikiliza, kisha ile ya kutuma, desibeli 3 kwa wakati mmoja. Pigeni simu ya majaribio baada ya kila badiliko, na msibadili mambo mawili kwa pamoja.

5. Adapta nyingi zimepangwa kwa simu yenye ukinzani wa ohm 600. Ikiwa simu yenu ni ya namna nyingine, mpangilio huo mwachieni fundi.

Mtu akilalamika kwamba hawasikii vizuri, msikimbilie kuongeza sauti. Sogezeni kwanza maikrofoni karibu na mdomo. Kuongeza kiwango huongeza na mwangwi.

Aidha, msimpe nenosiri la kifaa mtu anayepiga simu akidai kuwa ni fundi. Mwenye nenosiri hilo anaweza kupiga simu kwa gharama yenu.

Ikiwa hatua hizi hazikufaa, pelekeni malalamiko kwa mtoa huduma, mkitaja tarehe, saa, namba iliyopigwa na upande uliosikia mwangwi. Asipowaridhisha, leteni kumbukumbu hizo kwetu. Mteja aliyelipia mazungumzo ana haki ya kusikia na kusikika.