Tusiishie Kubeba Mizigo: Njia za Masomo ya Utalii kwa Vijana Wetu



Kamati imeniomba nizungumzie masomo ya utalii kwa sababu sehemu ya michango ya leo inaingia kwenye mfuko wa elimu. Mimi ni mhasibu. Nilipomaliza kidato cha sita nilibeba mizigo mlimani misimu miwili, na siku hizi kazi hunipeleka kukagua hesabu za kampuni za safari. Kwenye orodha za mishahara naona majina ya kwetu mengi: wapagazi, wapishi, walinzi. Nikifika kwa mameneja, majina ya kwetu yanakuwa ya kutafuta.

Wakati mlima ni wetu tangu zamani. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa hapa Marangu anakumbukwa kwa kumwongoza Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889. Zaidi ya miaka 130 imepita, na kijana wetu bado anajulikana kwa kilo 20 anazobeba mgongoni.

Kabla sijaeleza njia, nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilimlipia mpwa wangu ada katika chuo kimoja cha utalii mjini. Jengo lilipendeza, tangazo lilipendeza. Mimi ninayedai risiti za watu sikuuliza kama chuo kimesajiliwa. Alipotaka kuendelea na stashahada, cheti chake hakikutambuliwa. Pesa zilikwenda, na miaka miwili ya kijana ilikwenda. Leo yuko mlimani na mzigo. Dada yangu hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kwa hiyo, wazazi, jambo la kwanza ni kuhakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Kikiwa chuo kikuu, ulizeni TCU. Msilipe hata shilingi kabla ya hapo.

Njia zenyewe ni tatu.

Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne, dini isihesabiwe, anaweza kuomba astashahada, kisha stashahada. Kwa kawaida ni miaka mitatu. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam na Arusha. Anayependa wanyamapori asisahau Mweka, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 katika mlima huu huu wetu.

Aliyefaulu kidato cha sita anaweza kwenda shahada moja kwa moja. Mwenye stashahada yenye wastani mzuri naye mlango wa chuo kikuu uko wazi, hivyo aliyeanzia chini asijione amepotea.

Njia ya tatu ni ya walio kazini tayari. Mpishi wa mlimani mwenye miaka kumi ya kazi ana ujuzi, asicho nacho ni karatasi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa, unajazia unapopungukiwa, unapewa cheti. Aidha, VETA wana chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha.

Sasa neno la kihasibu. Kupanda mlima vizuri hakumfanyi mtu meneja. Safari inauzwa kwa dola, mishahara inalipwa kwa shilingi. Meneja lazima ajue kabla ya kutaja bei: ada za hifadhi, kodi, chakula, usafiri, ujira wa kila mgumu, kisha ndipo faida. Nimeona kampuni zenye wageni wengi zikifungwa kwa kutojua hesabu hii. Kijana anayetaka uongozi asikimbie hisabati wala Kiingereza, na akiongeza Kijerumani au Kifaransa atakuwa ameongeza thamani yake.

Napendekeza mfuko wetu uwe na masharti matatu. Ada ilipwe chuoni moja kwa moja, si mkononi mwa mtu. Risiti zote zisomwe kwenye mkutano wa Desemba. Na nafasi moja kila mwaka itengwe kwa mpagazi au mpishi aliye kazini. Kazi ya kukagua hesabu hizo nitaifanya bure.

Wazee wetu walitusomesha kwa kahawa ya kihamba. Mti mmoja haukutosha ada ya mtoto, lakini shamba lilitosha. Leo kahawa imepungua na vihamba vimegawanywa hadi vimekuwa vipande, ila mlima haujagawanywa.

Naanza mimi kwa kuchangia ada ya mwaka mzima ya mwanafunzi mmoja. Mpwa wangu atapimwa kama wengine. Akikosa nafasi, nitamlipia mwenyewe. Nilishalipa mara moja bila kuuliza. Safari hii nimeuliza.

 Karibuni tuchange.