Injini Iliyobadilishwa



Wiki hii nimepata barua kutoka Shumba, kule Pemba. Aliyeiandika ni dada mtu. Kaka yake, aliyehamia Mombasa zamani, ameona Datsun 240Z ya mwaka 1972, na anataka fungu lake la fedha za karafuu, kutoka shamba waliloachiwa na wazazi, akalilipie gari hilo. Muuzaji amesema wazi kwamba injini imebadilishwa. Dada anauliza: kaka si anauziwa mbuzi kwenye gunia?

Kwanza tumwelewe kaka. Watu wa umri wake walilijua gari hilo kwa mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Gari lililoshinda tope na vumbi la njia zile si la kubezwa, na silinda zake sita za mstari mmoja zina sifa ya uvumilivu hadi leo.

Lakini sifa ya kiwandani ni jambo moja, na hali ya gari lililozunguka mikononi mwa watu kwa miaka zaidi ya hamsini ni jambo jingine. Mimi sioni ajabu injini kubadilishwa. Ningeshangaa zaidi kuambiwa haijaguswa. La kuuliza ni hili: imefungwa injini gani? Ile ya lita 2.8 ya Datsun 280Z inakaa pale pale pa ile ya lita 2.4, na ni za ukoo mmoja. Huenda hiyo ikawa heri. Lakini injini ya gari la aina nyingine kabisa, iliyochomelewa vyuma vipya na nyaya zikaungwaungwa, ni mtihani. Fundi aliyeifunga akihama, mwenye gari hubaki na kitendawili.

Bei nayo lazima ishuke. Wanaokusanya magari ya kale hulipa zaidi kwa injini iliyotoka nayo kiwandani, na namba yake imepigwa kwenye bloku. Kaka aisome namba hiyo mwenyewe, ailinganishe na hati za gari. Kule Kenya mabadiliko ya injini huandikishwa NTSA. Kama namba haziafikiani, asitoe hata shilingi.

Aende asubuhi, aguse boneti. Ikiwa ina joto, aulize kwa nini gari limewashwa kabla hajafika, maana ubovu mwingi hujificha injini ikishapata moto. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Utelezi mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili huenda ni maji yaliyoingia, na hapo gasketi ya silinda hedi ni ya kushukiwa.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni kutu. Chumvi ya bahari haina huruma, na Mombasa ni kama kwetu. Injini nyingine hupatikana. Sakafu na vyuma vya chini ya milango vikishaliwa, gharama haina mwisho. Kwa hiyo apige magoti achungulie chini kabla ya kufungua boneti.

Na mpaka fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, awe amepima mgandamizo wa silinda zote sita, fedha za karafuu zikae Shumba.