Kamati ya harusi tunayo, ya mtoto iko wapi?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ngarenaro, Arusha)



Naanza na swali. Nani kati yenu nyumbani kwao kumewahi kukaliwa kikao cha harusi? Naona mikono mingi. Basi mnajua mambo yanavyokwenda. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kadi za michango, na mtu wa kukumbusha wanaochelewa kutoa. Kuna anayeshughulikia gari la maharusi, na kuna anayehakikisha pilau haipungui. Watu wanakutana miezi mitatu, minne. Ndoa inafungwa kanisani Jumamosi, vigelegele, picha, keki. Baada ya hapo kamati inavunjwa.

Miezi michache baadaye bibi harusi anaanza kutapika asubuhi. Mimba hiyo! Sasa niambieni, kamati ya mtoto iko wapi? Haipo. Mama mjamzito anaambiwa tu, "Mungu ni mwema, utajifungua salama." Ni kweli Mungu ni mwema, lakini kwenye harusi mbona hatukusema hivyo hivyo tukaacha kuchangishana?

Leo tutaiunda kamati hiyo hapa hapa. Ila kwanza nawasimulia habari za maharusi wawili wa zamani.

Maharusi waliofika Mombasa

Kwenye somo la Historia mmekutana na jina la Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Mnakumbuka aliuona Mlima Kenya mwaka 1849 na aliandika kamusi ya Kiswahili. Mke wake hatajwi sana. Aliitwa Rosine, kutoka Basel, Uswisi. Walifunga ndoa Alexandria, Misri, mwaka 1842.

Mwaka wao wa kwanza haukuwa na utulivu. Krapf alitaka kurudi Ethiopia alikokuwa akifanya kazi, lakini njia moja ilifungwa, wakajaribu nyingine kupitia Massawa. Rosine alikuwa mjamzito, na safari ilikuwa ya nyikani, kwenye jua kali. Mwaka 1843, huko huko njiani, alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Wakamwita Eneba, maana yake chozi. Mtoto hakuishi. Wakamzika njiani, na mama hakupata mapumziko ya kutosha, msafara ukaendelea.

Ethiopia ikashindikana kabisa. Januari 1844 wakafika Zanzibar, na Mei wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa na mimba tena. Mwezi Julai homa ikawakamata wote wawili. Katika homa hiyo hiyo Rosine akajifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafa. Siku mbili baadaye mtoto naye akafa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na baba mwenyewe alikuwa mgonjwa hajiwezi.

Jamani, watu hawa walipendana, na maombi hawakuyaacha. Walichokosa ni ujuzi. Wengi wanaona homa ile ilikuwa malaria. Lakini mwaka 1844 hakuna daktari yeyote duniani aliyejua malaria inatoka wapi. Kijidudu chake kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na Alphonse Laveran. Kwamba mbu ndiye anayekibeba, Ronald Ross alianza kulithibitisha mwaka 1897. Rosine hakujua kwamba chandarua kingeweza kumwokoa.

Sisi tunajua. Kwa hiyo kwetu kisingizio hakuna.

"Arusha kuna baridi, hakuna malaria"

Nasikia mmoja ananong'ona hapo nyuma: "Dada, mbona Arusha malaria ni kidogo?" Ni kweli. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mkoa huu ni kati ya ile yenye malaria kidogo nchini. Lakini sikilizeni vizuri. Mtu aliyekulia mahali pasipo na malaria nyingi, mwili wake haujazoea kupigana nayo. Ukitoka Ngarenaro kwenda Mto wa Mbu, au Tanga kusalimia wakwe, wewe ni mgeni kama Rosine alivyokuwa mgeni Mombasa. Ukiumwa, unaweza kuumwa sana.

Mjamzito ndiye mwenye hatari zaidi, hasa wa mimba ya kwanza. Vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, yaani pale mtoto anapopata chakula na hewa kutoka kwa mama. Mama anapungukiwa damu. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku, au akiwa mdogo mno, au akafa. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, asijinunulie vidonge dukani. Na kliniki wamweleze kama anapaswa kumeza dawa za kuzuia malaria katika mimba.

Sasa tuunde kamati

Wenyeviti ni wawili, baba na mama. Wavulana mnacheka? Mimba haikuingia kwa mtu mmoja. Baba aende kliniki na mkewe, na wote wapime virusi vya UKIMWI. Mama akikutwa navyo, anaanza dawa mara moja. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Akitumia dawa vizuri, wanakuwa chini ya 5.

Katibu ni kadi ya kliniki. Mama aende mapema, kabla ya wiki 12. Asisubiri tumbo lionekane. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane. Kliniki wanampima damu, mkojo, presha na kaswende, wanampa vidonge vya kuongeza damu na chanjo ya pepopunda. Siku ya kujifungua nayo inakadiriwa kwa hesabu ndogo: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Kama hedhi ilianza 10 Machi, tegemea mtoto karibu na 17 Desemba.

Mweka hazina anaanza siku mimba inapojulikana. Kidogo kidogo, kama mchezo wa akina mama mtaani. Pesa ya nauli, ya khanga na nguo za mtoto, na ya dharura. Kama ndugu waliweza kuchangia keki, waombwe kuchangia uzazi pia.

Mtu wa chakula hahitaji pesa nyingi. Maharage, dagaa, mayai, mnafu, maziwa, matunda. Loshoro na mtori ni vyakula vizuri, tusividharau. Ila wale wanaotafuna udongo waache, maana unaweza kuleta minyoo na kupunguza damu.

Mtu wa usafiri ajulikane kwa jina. Namba ya dereva wa bajaji au teksi iwe imeandikwa ukutani, kwa sababu uchungu hauchagui saa, hata saa nane za usiku unaanza. Kwa dharura ya mama au mtoto mchanga piga 115 bure, huo ndio mfumo wa M-mama wa usafiri wa dharura. Na wapatikane ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Walinzi ni ninyi! Dada yako, shemeji au mama mdogo akiwa mjamzito nyumbani, wewe uliyesoma ndiye wa kuzijua dalili za hatari. Hizi hapa: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kumwagika kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona hata moja, usiseme "tusubiri asubuhi". Presha ikifika 140/90 na kuendelea ni jambo la kupelekwa kwa mtaalamu, kwani inaweza kuleta kifafa cha mimba, na hicho kinaua haraka.

Maombi na hospitali

Wapo wanaosema kwamba mwenye imani haendi hospitali. Wadogo zangu, tuangalie karibu yetu. Hospitali ya Selian ilianzishwa na Walutheri, na St. Elizabeth ni ya Wakatoliki. Kanisa lenyewe limejenga hospitali. Basi omba, kisha panda gari uende Kaloleni, Levolosi au Mount Meru.

Kujiandaa kunazaa matunda. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria kuwa akina mama 556 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika muda huo, wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Lakini hao 104 nao ni mama za watu.

Na ninyi je?

Najua mmekuja shule kusoma, si kuzaa. Safi sana! Subirini. Mwili wa msichana wa miaka 15 bado unakua, na kujifungua kwake kuna hatari zaidi. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamezaa au wana mimba. Msichana, "hapana" yako inatosha, huhitaji kuieleza. Mvulana, kama huna hata nauli ya kumpeleka mtu kliniki, una haraka ya nini?

Ikiwa mimba imeshaingia, usiifiche kwa kujifunga khanga tumboni, wala usimeze madawa ya mtaani. Mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda kliniki. Na shule haijaisha: Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa mwanafunzi aliyejifungua anaweza kurudi darasani.

Rosine Krapf hakuwa na kamati. Alikuwa ugenini, mumewe kitandani, na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua chanzo chake. Dada yako hapa Ngarenaro ana majirani, kanisa, kituo cha afya, na ana wewe. Asikose mtu wa kumfikisha hospitali.



Jadilini darasani
1. Nyumbani kwenu kukitokea dharura ya uzazi usiku wa manane, nani ana usafiri na nani ana pesa?
2. Kwa nini akina baba wengi hawaendi kliniki na wake zao? Wavulana wajibu kwanza.
3. Taja dalili tano za hatari bila kuangalia ukurasa huu.