Fedha za Shule na Mashine Zilizofungiwa Stoo

(Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa reli wenyeji wa Junju mbele ya wazazi na wanachama)



Sisi tuliotumwa kusema mbele yenu ni watoto wa hapa hapa Junju. Reli haifiki kwetu, hilo mwalijua, bali sisi twaifuata Mombasa na Miritini; twaondoka kabla ya jogoo kuwika na twarudi usiku. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi msingoje maneno ya wasomi. Tumekuja kwa sababu ya barua tuliyoletewa, ya kutaka kila mmoja wetu atoe shilingi 1,000 ili shule inunuliwe kompyuta mpya. Barua hiyo tumeijadili siku mbili. Jawabu letu ni kwamba hatukatai, lakini hatutoi senti kabla stoo ya shule haijafunguliwa.

Katika stoo mna nini? Mna tableti, zile ambazo magazeti huziita vishikwambi. Mwaka 2013 wakubwa waliokuwa wakiomba kura waliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta yake. Mambo ya zabuni yakaenda mahakamani, na ahadi ikageuka. Mwaka 2016 ndipo tableti zilipoanza kugawiwa, kwanza katika shule 150 za majaribio, kisha nchi nzima, hata zikapita milioni 1. Pamoja nazo zilikuja mashine za walimu, na projekta, na kisanduku cha kuhifadhi masomo. Za kwetu zilifika. Watoto walizishika muhula mmoja, au miwili. Kisha umeme ukakatwa kwa sababu bili haikulipwa, na mwalimu aliyefundishwa kuzitumia akahamishwa. Ufunguo ukageuzwa, na mpaka leo ni hivyo.

Sasa tazameni jambo la fedha, maana hapa ndipo wengi wetu tulipokuwa gizani. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, Serikali ilimpa kila mtoto shilingi 1,020 kwa mwaka, zikitiwa katika akaunti mbili. Shilingi 650 zilikwenda akaunti ya vitabu, iliyoitwa SIMBA, nayo ilikuwa ya vitabu, madaftari, kalamu, chaki na ramani basi. Shilingi 370 zilizobaki zilikwenda akaunti ya matumizi ya jumla: mishahara ya mlinzi na wasaidizi, matengenezo, umeme na maji, safari, posta. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kupumua. Fanyeni hesabu nasi. Shule ya watoto 400 ilipata shilingi 148,000 za akaunti hiyo kwa mwaka mzima. Ukimlipa mlinzi 5,000 kwa mwezi, 60,000 zimekwisha. Zinabaki 88,000 za paa, vyoo, maji, umeme na kila kitu. Baadaye kiasi cha kila mtoto kilipandishwa, na bei za vitu zikapanda pia.

Kwa hiyo hatusemi mwalimu mkuu ni mwizi. Aliyesema hivyo katika matatu juzi na asimame hapa alete ushahidi. Twasema mashine zilikuja na fedha zake, lakini fedha za kuzitunza zilitakiwa zitoke katika kikapu kile kile kilichokuwa tayari kitupu. Sisi wa reli jambo hili twalijua. Injini hainunuliwi bila karakana, na karakana haina faida bila fundi na mafuta. Tena iko njia ya zamani yenye upana wa milimita 1,000, na iko mpya ya milimita 1,435. Gari la hii halipiti katika ile, hata likiwa zuri namna gani. Tableti za 2016 zilitiwa masomo ya 8-4-4. Mwaka 2019 mtaala mpya ukaanza darasa la kwanza. Atakayezifungua leo lazima aulize kwanza ndani yake mna masomo gani.

Wengine wamesema twende kwa diwani. Ndugu, Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule ya msingi ni ya Serikali ya taifa. Mkimlaumu diwani mwamwonea. Mfuko wa maendeleo ya eneo la bunge ndio uliojenga madarasa mengi, lakini sheria yake ya 2015 Mahakama Kuu iliikataa Septemba 2024. Ghala iliyo na kesi si ghala ya kuitegemea.

Lililotuuma zaidi ni hili. Tangu Januari 2023 watoto wa darasa la saba wamebaki katika shule za msingi, sekondari ndogo, na fedha zao zimekuwa nyingi kuliko za wadogo, shilingi 15,042 kwa mtoto kwa mwaka zilipofika zote. Mmoja wetu alifungua daftari la bintiye, akaona kibodi imechorwa kwa penseli, vitufe vyote, kwa rula. Mtoto akaeleza kwamba ndiyo kompyuta waliyofundishwa. Na stoo iko hatua thelathini kutoka darasa hilo!

Basi twaomba hivi. Halmashauri ya shule ina wajumbe sita waliochaguliwa na wazazi, kwa sheria ya 2013. Hao sita na wasimame, waombe vitabu vya hesabu wavisome mbele ya wazazi. Katiba yatupa haki ya kupata habari, haina haja ya kugombana. Twataka kujua deni la umeme ni kiasi gani. Shilingi 1,000 zetu zilipe deni hilo, na nyavu za chuma za madirisha, na nauli ya walimu wawili wakajifunze. Kati yetu yuko fundi umeme wa karakana. Atatengeneza waya bila malipo, mradi anunuliwe vifaa.

Jumamosi sisi hatuna zamu. Tutafika shuleni saa tatu asubuhi na daftari la kuandikia, tuzihesabu tableti moja moja, nzima na mbovu. Mwenye ufunguo twamwomba asisafiri.