Mtoto Asiyeshuka kwa Ndege



Nashukuru kuitwa hapa Airport, ingawa nina mshindani. Kila baada ya muda ndege itatupitia juu na itabidi ninyamaze kidogo. Sawa. Basi nitaanza na hizo hizo ndege.

Anayeshuka pale Moi International kutoka nchi yenye homa ya manjano huulizwa kadi ya chanjo na watu wa afya. Sindano ni moja, na tangu 2016 kadi ile inahesabiwa ya maisha. Hakuna anayemwambia mtalii, "Wewe si wa hapa, afya yako haituhusu." Anaulizwa kwa sababu serikali inajua ugonjwa hausomi pasipoti.

Sasa mtoto aliyekimbia vita hashuki hapo. Yeye huja na basi usiku, amelala mapajani mwa mamake. Wanafika alfajiri, wanauliza njia ya Magongo ama Kisauni, wanamtafuta jamaa ambaye nambari yake ya simu imeandikwa kwa kikaratasi. Hakuna dirisha la afya linalomngoja. Dirisha lake la kwanza ni nyinyi majirani.

Wengi wenu hamkuiona Utange. Mimi niliiona nikiwa mdogo. Vita vya Somalia vilipopamba moto 1991, majahazi yalileta watu hapa Mombasa, na kukawa na kambi: Utange, Benadir, Swaleh Nguru. Watu wa Barawa tulisikizana nao haraka, maana Chimini chao na Kiswahili chetu ni ndugu. Mamangu alikuwa akipeleka uji, mimi nabeba vikombe. Ukiniuliza leo nakumbuka nini, nitakwambia kikohozi. Watoto wakikohoa hema hadi hema. Neno surua nililijua baadaye sana.

Kambi za Pwani zilifungwa kufikia mwisho wa miaka ya 90, watu wakapelekwa Kakuma na Dadaab, wengine Marekani. Tangu hapo, mkimbizi aliye huku huishi akiangalia nyuma. Machi 2014 serikali iliamuru wakimbizi walio mijini warudi kambini, na Aprili ukaja msako wa Usalama Watch. Hebu jiweke mahali pa mama ambaye mtoto ana homa usiku. Kabla hajafikiria dawa, anafikiria askari barabarani.

Katiba yasemaje? Kifungu cha 43 kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma za afya. Kila mtoto. Hawakuandika "kila mtoto mwenye mzazi mwenye kitambulisho." Mungekuwa munaisoma Katiba kama munavyosoma meseji, tungekuwa mbali.

Kuna mama mmoja, mtoto wake wa miezi minane, alienda kituo fulani (sitakitaja) akaulizwa kitambulisho dirishani. Hana. Akarudi nyumbani, wala hakugombana na mtu. Kesho yake tulienda naye, watu watatu. Yule karani hakuwa mtu mbaya wallahi, alikuwa amezoea fomu yake tu. Tulimwomba atuitie muuguzi. Muuguzi alipompima mtoto mkono, utepe ulisoma nyekundu. Akaandikiwa ile lishe ya karanga ya pakiti siku hiyo hiyo.

Huo utepe nataka muujue. Ni wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, hupimwa katikati ya mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, usingoje kesho. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, apelekwe kliniki. Kisha mbonyeze kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu tatu taratibu. Pakibaki shimo, hata kama mashavu yamejaa, yule mtoto ni mgonjwa. Wengi hudanganyika hapo, wanasema "mtoto mnene huyu!"

Na chanjo. Mama akisema kadi ya kliniki imepotea njiani, asirudishwe. Mtoto huanzishiwa upya kulingana na umri wake, na kurudia dozi hakumdhuru. Hapa Kenya surua hudungwa miezi tisa, kisha miezi 18. Lakini kwa mtoto mkimbizi inaweza kuanza miezi sita, na hiyo haihesabiwi, ya miezi tisa bado atapata. Polio ni ya matone na sindano. Chanjo hizi katika vituo vya serikali ni bure. Nasema bure.

Anayedhani ni shida ya "wale" akumbuke 2013. Polio ililipuka Somalia, na mwezi wa Mei ikathibitishwa kwa mtoto mchanga wa miezi minne karibu na Dadaab. Ikabidi kampeni za chanjo zipite nyumba kwa nyumba, za wenyeji na za wageni. Virusi havikuuliza nani mwenye nyumba.

(Ndege hiyo... haya, imepita.)

Mukikuta mtu amerudishwa, musipige kelele wala musirekodi mama wa watu na mtoto wake mukaweka mtandaoni. Ulizeni jina la aliyekataa, saa na sababu, muandike. Mwombeni msimamizi wa kituo. Isipofaa, kuna ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu hapa Mombasa, na malalamiko hupokewa. Kwa huduma za karibu, hospitali ya Port Reitz haiko mbali na tulipo, na dharura kubwa ni Makadara.

Lakini kubwa ninalohitaji leo ni ndimi. Muuguzi hawezi kumtibu mtoto ambaye mamake haelewi swali. Mwenye kujua Kisomali, Chimini, Kirundi ama Kikongo asiondoke. Abaki hapa mbele, aandike jina na siku anazopata nafasi. Jumanne asubuhi tuna watoto sita wa kupeleka kliniki, na mpaka sasa nina mkalimani mmoja.