Kabla ya Kubadili, Nani Ameulizwa? Uzoefu wa Wafanyakazi katika Kampuni ya Programu



Nimeandika programu za kompyuta kwa miaka tisa hapa Dar es Salaam, na mada hii naitoa kama mfanyakazi. Ninachotaka kusema ni kimoja: mabadiliko yenyewe hayatuchoshi. Wengi tuliingia katika fani hii kwa sababu kila mwaka ina jipya. Kinachotuchosha ni kubadilishiwa kazi na mtu ambaye hajatuuliza tunajua nini.

Kampuni niliyotoka ilikuwa ikitengeneza programu ya kulipa mishahara. Ndani ya mwaka mmoja na nusu tuliletewa viongozi watatu. Wa kwanza alitaka kikao cha kusimama kila asubuhi. Wa pili akataka kazi igawanywe kwa wiki mbili mbili. Wa tatu akasema programu nzima iandikwe upya. Kazi yangu ya miezi minne ilifutwa Ijumaa mchana, Jumatatu nikapangiwa nyingine, na sababu sikuambiwa. Mshahara uliingia kama kawaida, lakini tangu siku ile niliacha kubaki ofisini hadi usiku nikinyoosha kitu ambacho kingeweza kupita hivyo hivyo.

Tulikuwa na dada mmoja mpimaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuijaribu programu kabla haijamfikia mteja. Alikuwa na kauntabuku ya kwaya tatu iliyochakaa pembeni. Kila kasoro aliyoikuta aliiandika kwa kalamu ya bluu. Ikitatuliwa, aliandika chini yake kwa nyekundu namna ilivyotatuliwa. Ukurasa mmoja ulikuwa na kichwa “MAJINA YA NG'”. Ile ritifaa, ambayo sisi tunaiandika bila kuifikiria, katika lugha ya hifadhidata huweza kusomwa kuwa mwisho wa maandishi. Basi mtu mwenye jina kama Ng'wandu programu ilimkataa, na yeye ndiye aliyeligundua hilo.

Kiongozi wa tatu alivunja kitengo cha upimaji. Ikasemwa kila mwandishi wa programu apime kazi yake mwenyewe. Dada yule alipewa barua, akarudisha kompyuta na kitambulisho, akaondoka. Programu mpya ilipotoka, mwisho wa mwezi wafanyakazi wa wateja wetu wenye ritifaa katika majina hawakulipwa. Fikiria mtu ana kodi ya nyumba na ada ya mtoto, anaambiwa mfumo haumtambui. Tulihangaika siku mbili kutafuta kosa, na jibu lilikuwa limeandikwa katika kauntabuku iliyokuwa nyumbani kwa mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemwomba.

Wakubwa nao yamewafika. Mwaka 2014, kampuni ya Microsoft ilipotangaza kupunguza hadi nafasi 18,000, nyingi zikiwa za waliotoka Nokia, iliondoa pia nafasi nyingi za wapimaji au ikaziunganisha na za waandishi wa programu. Oktoba 2018 ilitoa sasisho la Windows 10, na baada ya siku chache ikalisimamisha kwa sababu baadhi ya watu walikuta faili zao zimefutika. Watu waliojitolea kulijaribu mapema walikuwa wameshaieleza kasoro hiyo, ila maelezo yao yalizama katika wingi wa maoni. Sidai kwamba wapimaji wangebaki, kasoro ingenaswa. Nadai kwamba waliojua walikuwepo, na sauti yao haikufika.

Kampuni hiyo hiyo, kwa haki yake, ilifanya badiliko jingine ambalo wafanyakazi walilililia kwa miaka. Mameneja walitakiwa kuwapanga watu wao kwa viwango, hivyo hata timu nzima ikifanya vizuri, lazima wengine wawekwe mkiani. Mwaka 2012 mwandishi Kurt Eichenwald wa jarida la Vanity Fair alieleza jinsi utaratibu huo ulivyowafanya watu kushindana na wenzao wa ofisi moja badala ya washindani wa nje. Novemba 2013 ukafutwa. Hilo nalo lilikuwa badiliko kubwa, lakini lilianzia kwenye malalamiko ya wanaofanya kazi.

Hapa kwetu, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao. Waajiri wengi huuchukulia mkutano wa mashauriano hayo kama wa kusaini karatasi. Napendekeza tuutumie kuuliza pia: unajua nini ambacho hakijaandikwa popote? Anayeondoka apewe wiki mbili za malipo kamili akae na anayepokea kazi yake, wafungue kila faili pamoja. Na kazi ikifutwa, aliyeifanya aambiwe sababu siku hiyo hiyo, ana kwa ana, si kupitia kundi la WhatsApp.

Wiki iliyopita nilimtembelea dada yule. Kauntabuku bado anayo, iko kabatini juu ya vyombo. Alinionyesha ukurasa wa majina ya ng', kisha akafunua kurasa za mwisho. Kuna kasoro kumi na moja zilizoandikwa kwa bluu tu.