Shilingi 16,900 na Mwalimu Mgeni

Kauli ya Waziri wa Fedha, John Mbadi, mbele ya Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa, kwamba serikali haimudu tena kutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari na kwamba kinachopatikana ni takriban shilingi 16,900, imekwisha kusikika kutoka Londiani hadi Sotik, na kauli za kuwatuliza wazazi kwamba elimu itabaki bila malipo zimeifuata mbiombio. Linalokitia kituo hiki wasiwasi ni nani, katika shule za Kericho na Bomet, atakayewaeleza wazazi maana ya pengo lililo kati ya kauli hizo mbili. Waraka wa serikali hufika, maelezo hayafiki.

Kazi hiyo humwangukia mwalimu, na mara nyingi humwangukia mwalimu mgeni kazini. Katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9 zinazofundishwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, mwalimu huyo mara nyingi ni mwanagenzi, ambaye amehitimu na kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) lakini anafanya kazi kwa mkataba wa muda na posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Chuoni alifunzwa saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundisha; sera ya elimu anaanza kuijua siku mzazi anapomsimamisha langoni na kumuuliza kwa nini mtoto ametumwa nyumbani kuleta pesa ilhali redio imesema masomo ni ya bure. Mwalimu hana jibu, kwa kuwa naye ameisikia redio ile ile. Waraka umefika, maelezo hayakufika.

Akianza kusoma, hukutana kwanza na kapitesheni, yaani fedha ambazo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi aliyesajiliwa, zinazogawanywa kwa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu. Atagundua kwamba kiwango cha sekondari msingi ni shilingi 15,042, na kwamba elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003 kwa shilingi 1,020 kwa mtoto, imefika shilingi 1,420 tu baada ya miaka zaidi ya 20, jambo ambalo yeyote anayenunua chaki na unga ataliona ni kichekesho. Akitoa 16,900 kutoka 22,244 atapata 5,344, na akizidisha kwa wanafunzi 300 wa shule ya sekondari ya kutwa ya kawaida, atapata pengo la shilingi 1,603,200 kwa mwaka. Pengo hilo hatalijaza Waziri.

Atakayeambiwa alijaze ni mkulima wa chai, na wasikilizaji wamekisikia kituo hiki kikilisema hili mara nyingi kuliko wanavyopenda. Bonasi ya KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, hulipwa Oktoba, na wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hupata kidogo kuliko wenzao wa mashariki, ilhali muhula wa tatu, ambao tayari una mgao mdogo kuliko yote, hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Kupunguza mgao kabla ya Oktoba ni kumdai mkulima pesa ambazo bado hajalipwa. Naye mama aliyekuwa akichuma kwa kilo katika mashamba makubwa, ambaye nafasi yake imetwaliwa na mashine, hana hata bonasi ya kungojea. Nairobi huamua, mkulima hulipa, mwalimu hulaumiwa.

Sheria, hata hivyo, haiko kimya. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya masomo. Michango mingine huhitaji idhini ya Waziri wa Elimu kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa sababu ya mchango ambao haujalipwa. Sheria hiyo hiyo inawapa wazazi wawakilishi sita katika bodi ya usimamizi wa shule, na walimu mwakilishi mmoja, wa kuchaguliwa na wenzake. Mwalimu asiyeyajua haya hutumwa kuwafukuza watoto ambao sheria inawalinda.

Basi walimu wa Kericho na Bomet, wageni kwa wenyeji, na waisome sheria hiyo kabla ya muhula wa tatu kufunguliwa! Mwakilishi wao na asimame katika kikao cha bodi aulize ni kiasi gani kimefika, ni kiasi gani hakikufika, na ni idhini ya nani inayotajwa katika kila mchango. Wazazi nao na wadai kuiona idhini hiyo kwa maandishi, na wasitoe hata shilingi moja kwa waraka usio na maelezo!